Selotepu, nyasi za karatasi na safari ya Oregon: walowezi kwa watoto wa darasa la nne

Huku Idaho, Marekani, mtoto akifika darasa la nne anasoma historia ya jimbo lake, na humo lazima ukutane na walowezi wa Oregon Trail, ile njia ya kwenda Oregon kule magharibi, wale waliokuwa wanatoka Missouri na magari ya maksai miaka ya 1840 na kuendelea. Mi nasaidia kufundisha shule moja hapa Boise, darasani tuna watoto wa kila aina, wengine wazazi wao ni Wakongo waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na nyumbani ni Kiswahili tu. Na nachoamini ni hiki, shughuli ya mikono haimfundishi mtoto kitu kama hajalazimika kuchagua na kupoteza. Kupaka rangi picha ya gari lenye turubai ni sawa, dakika kumi zinapita, lakini kesho yake ukimuuliza hana kitu kichwani.

Kwa hiyo mi naanza na selotepu, ile ya karatasi ya mafundi rangi maana inabanduka bila kuharibu sakafu. Nachora mita 3 kwa mita 1.2, boksi la gari lenyewe lilikuwa kwenye ukubwa huo, watoto wakiliona hawaamini kabisa, wanauliza na sisi tunalala wapi? Hamlali humo, nawaambia, mnalala chini au kwenye hema, na kutembea mnatembea kwa miguu maana gari ni la mizigo. Alafu nawapa maboksi yameandikwa uzito: unga, nyama ya nguruwe ya chumvi, maharage, kahawa, jembe, mbegu, risasi, vyombo vya udongo, kitanda cha bibi, mdoli. Unga peke yake ni kilo kama 90 kwa mtu mzima mmoja, na gari zima lisizidi sana tani 1 la sivyo maksai wanachoka na kufa njiani. Hapo ndo kelele zinaanza, na mi nakaa kimya kabisa waamue wenyewe.

Kuna mtoto mmoja wa kwetu alikitoa kitanda bila hata kujadili, akaweka sufuria moja, blanketi, sindano na uzi, akawaambia wenzake kitanda mtatengeneza huko huko mkifika. Kundi zima likamfuata. Ila walimu wenzangu nawaomba kitu, msimgeukie mtoto kama huyo mbele ya darasa mkamuuliza nyie mlivyotoka kambini mlibeba nini. Akitaka atasema mwenyewe.

Kutembea nako tunakufanya. Tukiwa na watoto 25 na kila mmoja akatembea kilomita 1 uwanjani, jumla ni kilomita 25, hiyo ni karibu na alichotembea mlowezi mmoja kwa siku moja, na njia nzima ni kama kilomita 3,490, kwa hiyo tunasogeza pini kwenye ramani ya ukutani kila siku ya shule na bado tunafika Oregon karibu mwaka unaisha. Siagi ya kutikisa krimu kwenye chupa nayo wanaipenda sana, fanyeni, dakika kumi au kumi na tano mikono inauma na siagi imeshika.

Sasa shughuli ambayo siwezi kuiacha hata muda ukiwa mdogo ni ya nyasi. Natandaza shuka la kahawia sakafuni, kamba ya bluu ndo mto Boise, najaza karatasi za kijani, na kabla ya gari lolote kupita nusu ya darasa wanakaa pale kama Washoshone, wenyeji wa asili wa hapa, wana samaki aina ya salmoni mtoni na mizizi ya kuchimba ya mmea wa porini unaoitwa camas. Alafu magari yanaanza kupita, kila gari linachukua karatasi za kijani kwa ajili ya maksai wake. Magari ya kwanza hakuna anayejali, wanapungiana mikono, lakini mengine yanazidi kuja na mpaka mwisho shuka limebaki kahawia tupu, na hapo waliokaa wanaanza kulalamika kwa sauti sasa sisi tutakula nini. Ndo nawaambia kwamba mwaka 1869 Washoshone wa bonde hili hili la Boise walihamishwa kwenda Fort Hall, eneo walilotengewa wenyeji wa asili, na wajukuu zao wako huko mpaka leo.

Pia kwenye kadi za wahusika mwekeni George Bush, mtu mweusi aliyesafiri na familia yake mwaka 1844. Serikali ya muda ya Oregon mwaka huo huo ilipitisha sheria ya kuzuia weusi kuishi huko, ikabidi yeye na wenzake wavuke kaskazini ya mto Columbia, wakajenga sehemu ambayo leo ni jimbo la Washington. Watoto wetu weusi wanahitaji kujua kwamba na wao wamo humu.

Tukishamaliza yote ndo tunaenda Bonneville Point, nje kidogo ya mji, alama za magurudumu bado zinaonekana ardhini. Nendeni mapema kabla ya joto, kule hakuna kivuli, kila mtoto na chupa yake ya maji na viatu vya kufunika mguu, na muangalie nyoka.