Mahari ya bibi

Leo kwa shangazi, Ngamiani, limefunguliwa lile sanduku la mbao ambalo utotoni tulikatazwa hata kulikalia.

Babu mzaa babu tulimjua kwa sentensi moja tu: katoka Hadhramaut na jahazi la kaskazi, akauza kahawa Tanga. Mkonge, ulioletwa 1893, ulikuwa umeshavuta watu wa kila kabila. Basi.

Chini ya kanga kuukuu, cheti chake cha ndoa.
Herufi za Kiarabu, wino umefifia. Akaitwa shehe wa mtaani atusomee.

Bibi, mkewe, ni Mdigo. Aliyemwozesha ni kaka yake, kumbe baba yao alikwishafariki. Hakuna aliyewahi kutuambia.

Mahari: nusu taslimu, nusu deni.

Na upande wa bibi, alama ya dole gumba, ya zambarau, vimistari vyote vinaonekana. Nimeitazama mpaka chai ikapoa.

Shehe akacheka: deni la mahari hulipwa kabla mirathi haijagawanywa. Lililipwa? Shangazi kimya. Nyumba wameshagawana zamani hao 😂

Mliowahi kufukua vyeti vya wazee wenu, mlianzia wapi? Kwa kadhi, msikitini au wilayani? Nisaidieni, nataka kujua na waliozaliwa katika ndoa hiyo.