Tatu, mbili, mbili, mbili: nilivyojifunza kusoma nota za Perotin

Nimefundisha kwaya ya parokia kwa miaka mingi kwa nota za d r m, yaani do, re, mi zilizoandikwa kwa herufi. Kwetu muda umeandikwa waziwazi: nukta pacha hutenganisha mapigo, kistari hurefusha sauti. Kwa hiyo nilipofungua picha za kitabu kinachotunzwa katika maktaba ya Laurenziana, Florence, jambo la kwanza nililotafuta ni alama za muda. Sikuziona.

Kitabu hicho, Pluteus 29.1, kilinakiliwa kwa mkono Paris katika karne ya 13. Kinaanza na "Viderunt omnes" ya Perotin, mtunzi wa muziki wa enzi za kati, wimbo wa sauti nne wa Kanisa Kuu la Notre Dame. Sauti tatu za juu zina vinota vyeusi vilivyoshikamana kama punje, na chini yake tenor, ambaye hapa ndiye sauti ya chini kabisa, ana nota moja tu, F, anayoishikilia kwa muda mrefu ajabu. Silabi "Vi" peke yake inasafiri mistari na mistari kabla ya kufika "de".

Mahali pa sauti nilipapata upesi. Herufi C iliyo mwanzo wa mistari inakwambia do ya kinanda iko wapi, na inaweza kuhama kutoka mstari mmoja hadi mwingine. Muda ndio ulionitesa. Nilianza kwa kuipa kila nota pigo moja, na sauti za juu zikaachana kabla sijamaliza mfumo wa kwanza wa mistari.

Nilipokuja kuelewa, nilirudi mwanzo kwa furaha. Katika maandishi haya urefu wa nota hautokani na umbo lake, bali na jinsi nota zilivyofungwa pamoja. Fungu moja linaitwa ligatura. Ukikuta ligatura ya nota tatu, kisha mbili, mbili, mbili, hiyo ni modi ya kwanza, yaani mpangilio wa mapigo unaojirudia: ndefu, fupi, ndefu, fupi. Ndefu ina mapigo mawili, fupi moja, na jumla yake ni tatu. Zikitangulia mbili mbili na tatu ikaja mwisho, ni modi ya pili, ambayo huanza na fupi. Sikuandika chochote hadi nilipopiga makofi kwanza, taa-ta taa-ta taa, huku kidole kikifuata picha kwenye skrini. Kistari kidogo kinachokata mistari nacho ni pumziko, na mwanzoni nilikuwa nikikiruka nikidhani ni doa la wino.

Kisha nikakwama tena, safari hii kwa wiki mbili. Ligatura haiwezi kubeba nota mbili mfululizo za sauti ileile. Sauti ikirudia nota, mwandishi hana budi kuvunja fungu, na mimi nikadhani modi imebadilika. Kilichonitoa hapo ni yule tenor. Mwanzo wa kila kundi la mapigo matatu, sauti za juu kwa kawaida hupatana na F yake kwa umbali wa oktava (nota ileile juu zaidi), wa nota ya tano au wa nota ya nne. Kila nilipopata mgongano mahali hapo, nilirudi kwenye picha, na mara nyingi kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimesoma fungu lililovunjika kana kwamba ni modi mpya.

Nakala yangu niliiandika kwa d r m, maana ndiyo lugha ya waimbaji wangu. Wanakwaya watano walikubali kubaki baada ya mazoezi ya Alhamisi. Watatu walichukua sauti za juu, na F niliwapa wawili wa besi wapokezane pumzi, maana mmoja hawezi. Walikosea mara tatu. Mara ya nne taa-ta ikazunguka sauti zote tatu bila kuachana, F ikiwa chini yake imetulia, na tulipofika "de" tenor alihama nasi sote pamoja.