Kuta za kiasi hujengwa adui akiwa bado mbali

Neno "kiasi" huwaponza wengi wanaosoma Biblia kwa Kiswahili. Katika mazungumzo ya kila siku kiasi ni kipimo: chumvi kiasi, sauti kiasi. Kwa hiyo msomaji akifika Wagalatia 5:23, ambapo kiasi kinatajwa katika tunda la Roho, anadhani anaambiwa apunguze tu. Akasirike, lakini si sana. Atazame yasiyofaa, lakini si kila siku. Paulo hakumaanisha hivyo. Neno la Kigiriki alilotumia ni enkrateia, na ndani yake limo kratos, yaani nguvu au enzi. Mwenye kiasi ni mtu anayeitawala nafsi yake badala ya kutawaliwa nayo.

Neno hilo halionekani mara nyingi katika Agano Jipya. Mbali na Wagalatia lipo katika 2 Petro 1:6, na katika Matendo 24:25, Paulo alipozungumza na liwali Feliki juu ya haki, kiasi na hukumu itakayokuja. Kando ya Feliki alikuwepo Drusila. Historia ya Wayahudi ya karne ile inasimulia kwamba alimwacha mumewe, mfalme wa Emesa, ili aolewe na huyo Feliki. Haishangazi kwamba liwali aliingiwa na hofu. Lakini tazama alichofanya na hofu hiyo: alimwambia Paulo aende zake, akipata nafasi atamwita. Miaka miwili ikapita, Paulo akiwa bado kifungoni na Feliki akiwa yule yule. Hofu ya kweli, na pengine hata machozi ya kweli, haikuzaa kiasi, kwa sababu hakuna kilichobadilika katika ratiba yake wala nyumbani mwake. Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Tunaguswa na mahubiri, tunaazimia kwa moyo wote, na Jumatatu inatukuta na mazingira yale yale.

Mithali 25:28 inasema asiyetawala roho yake ni kama mji uliobomolewa, usio na kuta. Ukuta haujengwi adui akiwa langoni. Ukisubiri hadi tamaa ifike ndipo upime nguvu zako, umeshachelewa. Kiasi ni kazi ya saa za utulivu: unapokuwa umeshiba, umelala vizuri na akili imetulia, ndipo unapoamua utakachofanya saa ile mbaya.

Na ukuta haujengwi wote kwa pamoja na mtu mmoja. Ule wa Yerusalemu, uliosimamiwa na Nehemia, ulimalizika kwa siku 52 kwa sababu kila jamaa ilishika kipande chake, wengine mbele ya nyumba zao wenyewe. Kosa la kwanza ninaloliona kwa wanaoanza ni kutaka kurekebisha ulimi, usingizi, simu, chakula na maombi katika wiki moja. Chagua ufa mmoja. Kisha utaje kwa usahihi. "Hasira" ni neno pana mno kufanyiwa kazi. "Ninamfokea mtoto jioni ninapomsaidia kazi ya shule" ni ufa unaoonekana, na unaoonekana unaweza kuzibwa.

Chukua daftari, na kwa siku 7 andika kila mara jaribu hilo linapokujia, ukianguka au ukishinda. Andika saa, mahali, uliokuwa nao, hali ya mwili (njaa, uchovu, usingizi), jambo lililotangulia, na wazo la kwanza lililopita kichwani. Mistari mitatu inatosha. Usiandike hukumu juu yako mwenyewe, andika ushahidi. Siku ya nane soma yote kwa mkupuo. Mara nyingi utakuta jaribu lina saa zake na mlango wake, na kwamba mambo kumi uliyodhani yanakushambulia kumbe ni mawili. Petro anapanga hivi: katika maarifa tieni kiasi, na katika kiasi saburi. Maarifa yanatangulia. Asiyejua anaangukia wapi atapiga ngumi hewani.

Ukishaujua mlango, rudi nyuma yake. Yakobo 1:14-15 anaeleza mwendo wa tamaa: mtu huvutwa, hudanganywa, tamaa huchukua mimba, kisha huzaa dhambi. Nguvu ndogo kabisa inahitajika pale mwanzoni, na kila hatua inayofuata inadai zaidi. Wahubiri hupenda kusimulia Yusufu alivyoacha vazi na kukimbia, lakini mimi naona mstari wa 10 wa Mwanzo 39 ndio wenye siri: mke wa bwana wake alimsemesha siku baada ya siku, naye akakataa hata kuwa pamoja naye. Siku ya vazi miguu yake ilikuwa imeshajua njia ya kutokea.

Kwa vitendo, hii ni kuongeza hatua kati yako na kosa. Simu ilale chumba kingine, nawe ununue saa ya kengele ili usiwe na kisingizio cha kuihitaji kitandani. Programu inayokuangusha ifutwe, si kuhamishwa ukurasa tu. Nywila ishikwe na mwenzi wako. Kama ufa wako ni matumizi ya fedha, toka na kiasi ulichopanga na uache kadi nyumbani, na kila kitu kisicho cha lazima kisubiri siku 2 kabla hujalipa. Kuna wanaoona hili ni udhaifu, kwamba Mkristo aliyekomaa asihitaji uzio. Warumi 13:14 inasema tusiuangalie mwili hata kuwasha tamaa zake, na aliyeandika hivyo hakuwa Mkristo mchanga.

Halafu tunga sentensi moja ya "ikitokea hivi, nitafanya hivi". Iandike, na uipime kwa mambo mawili: ina ishara unayoweza kuitambua, na ina tendo la mwili unaloweza kulianza mara moja. "Nitakuwa mpole" haifai, kwani haina ishara wala tendo. "Nikisikia sauti yangu inapanda, nitaketi, nitafunga mdomo, na kuomba Zaburi 141:3 polepole kabla ya kujibu" inafaa. Zaburi hiyo inamwomba Bwana aweke mlinzi kinywani, na ni fupi kiasi cha kuombwa kwa pumzi mbili. Isome sentensi yako kila asubuhi kwa sauti, ukiiona saa ile mbaya akilini. Tamaa ikija kwa nguvu, weka kipima saa dakika 15, toka mahali ulipo na ufanye kazi ya mikono. Tamaa nyingi hupanda, hufika kilele, kisha hushuka hata usipozitii. Asiyewahi kusubiri hadi ishuke hudhani itaendelea kupanda milele, ndiyo maana anajisalimisha mapema.

Usiache pengo. Katika Mathayo 12 pepo aliyemtoka mtu alirudi na wenzake saba kwa sababu nyumba ilifagiwa na kupambwa, lakini haikuwa na mkaaji. Saa uliyoiondoa kwenye mazoea mabaya iandikie kazi nyingine siku hiyo hiyo: Neno, kumtembelea mgonjwa, mazoezi, au kulala tu. Ndiyo, kulala. Eliya alipochoka hadi kuomba afe, malaika alimpa chakula na kumwacha alale tena kabla ya kuzungumziwa habari ya safari. Mtu anayelala kwa muda wa saa nne tu kila usiku wiki nzima na kushangaa kwamba hana uvumilivu anahitaji kitanda pamoja na maombi.

Kufunga ni mazoezi mazuri ya kiasi, kwa sababu kunaufundisha mwili kwamba haja yake si amri. Anza na mlo mmoja kwa wiki, kunywa maji, na muda wa mlo huo uwe wa sala, la sivyo umejinyima tu. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari, anayetumia dawa au aliyewahi kuwa na ugonjwa wa kujinyima chakula asifunge chakula bila ushauri wa daktari. Afunge kitu kingine. Vivyo hivyo, aliyekunywa pombe nyingi kila siku kwa muda mrefu asiache ghafla peke yake. Mwili unaweza kuingia kwenye mtetemeko na degedege zenye hatari ya kifo. Kumwona daktari kwanza si upungufu wa imani.

Lakini Wakolosai 2:23 inatuonya kwamba kuutesa mwili peke yake hakufai kitu kuzuia tamaa. Daftari, uzio na kufunga vinaweza kumfanya mtu awe na nidhamu na kiburi kwa wakati mmoja. Petro anatuambia tujitahidi sana, ila mistari miwili kabla ameshasema kwamba uweza wa Mungu umetukirimia vitu vyote vipasavyo uzima na utauwa. Juhudi inakuja baada ya zawadi. Kiasi ni tunda la Roho, na tawi halizai likiwa limekatwa. Dalili kwamba umegeuza mpango kuwa mwokozi ni hii: ukishinda unawadharau wanaoanguka, ukianguka unamkimbia Mungu.

Na utaanguka. Hatari kubwa iko katika saa inayofuata, pale sauti inaposema, "Nimeshaharibu, basi nimalizie." Saa hiyo hiyo tubu kwa kulitaja kosa kwa jina lake (1 Yohana 1:9). Kama umemkosea mtu, nenda kwake, useme ulichofanya bila "lakini". Kisha fungua daftari uandike ufa ulikuwa wapi. Mithali 24:16 inamwita mwenye haki yule anayeanguka mara saba na kuinuka tena.

Tafuta pia mtu mmoja aliyekomaa, wa jinsia yako, mkutane dakika 20 kila wiki. Maswali yawe yale yale: Umejaribiwa wapi? Ulifanya nini? Umenificha nini? Wiki ijayo hatari iko siku gani? Wengi hutoa taarifa baada ya kuanguka tu. Swali la mwisho ndilo lenye faida zaidi, kwa sababu linamruhusu mwenzako akupigie simu kabla. Epuka kuchagua mtu anayeanguka pale pale unapoanguka wewe, maana mtaishia kufarijiana.

Ufa wa kwanza ukitulia kwa miezi miwili au mitatu, ongeza wa pili, ila usiwafukuze walinzi wa ule wa kwanza. Nehemia, ukuta ukiwa umekwisha na milango imesimamishwa, aliagiza malango yasifunguliwe hata jua liwe kali, na kila mtu akae zamu kuielekea nyumba yake. Simu iendelee kulala chumba kingine. Maswali manne yaendelee kuulizwa, hata katika wiki ambazo jibu ni fupi.