Kufidia masomo dahalia: pengo la karafuu na pengo la bamvua

Kila Januari wapo wazee wanaompeleka mtoto dahalia, yaani bweni la skuli, kwa tumaini moja: akiwa mbali na nyumbani, na mwalimu wa zamu yupo, masomo aliyoyakosa yatarudi yenyewe. Hayarudi. Dahalia inampa saa tu. Akizitumia saa hizo kunakili madaftari ya wenzake kwa kalamu za rangi tatu, atafika mtihani wa Novemba ana madaftari ya kupendeza na F zile zile.

Kabla ya kupanga ratiba, litazamwe kwanza pengo lenyewe, maana huku kwetu mapengo yana misimu. Mtoto wa Pemba aliyekuwa akitolewa skuli wakati wa karafuu, au aliyefuatana na baba yake dago, kambi ya wavuvi, amekosa wiki kadhaa mfululizo. Ukimchunguza utakuta mada nzima haimo na ile iliyofuatia inayumba, lakini za nyuma yake ziko salama. Msichana aliyekuwa akimsaidia mama yake kwenye mwani ana tatizo jengine kabisa. Mwani unashughulikiwa maji yakitoka sana, wakati wa bamvua, na bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Huyu amekosa siku tatu hapa, nne pale, mwaka baada ya mwaka. Hakuna mada aliyoikosa yote, wala hakuna aliyoipata yote. Darasani anaambiwa mzito, na akiambiwa hivyo mara nyingi anakubali.

Wa kwanza afundishwe upya ile mada yake, wiki mbili au tatu, basi. Wa pili ukimrudisha mwanzo wa mada atasinzia, kwa sababu nusu anaijua. Yeye apewe maswali mafupi mafupi yanayogusa kila pembe, mpaka kila tundu lijioneshe lilipo.

Kwa Hisabati, kipimo kinachotosha ni maswali 20 kwenye karatasi moja, yamepangwa kama ngazi: yanaanzia hesabu za sehemu (nusu, theluthi) za darasa la tano na kuishia milinganyo ya kidato cha pili. Dakika 40, bila kikokotoo. Akikosa matatu mfululizo, ngazi imekatika hapo. Shuka maswali mawili chini, uanze naye. Muhimu zaidi, asifute chochote. Hesabu za pembeni ndizo zinazosema ukweli.

Chukua mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyepewa x/2 + x/3 = 10. Ameandika 2x/5 = 10, kisha 2x = 50, kisha x = 25. Jibu ni 12. Mwalimu mwenye haraka ataandika "rudia aljebra", na mtoto atarudia aljebra muhula mzima bila ya faida, kwani aljebra yake haina kosa: amezidisha pande zote kwa 5, amegawa kwa 2, sawasawa. Alipoharibu ni pale alipojumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Huyo anaamini nusu ukiongeza theluthi unapata mbili ya tano, na ameiamini tangu skuli ya msingi. Mpe boflo, mkate. Mkatie nusu, mwongeze theluthi ya boflo jengine, halafu muulize imekuwaje jumla ikawa ndogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo. Baada ya hapo siku nne za sehemu zinatosha, na ile milinganyo inanyooka bila kuguswa.

Sasa saa. Masomo ya usiku, wenyewe wanaita prepo, kwa kawaida huja baada ya sala ya Isha na chakula, tuseme saa 2 mpaka saa 4. Kosa la karibu kila dahalia ni kuziacha saa hizo mbili zote kwa kazi za siku ile. Mwanafunzi aliyeachwa nyuma kazi ya leo haiwezi, kwa hiyo ananakili ya jirani, na pengo linabaki pale pale. Zigawe: dakika 50 kazi za darasani, dakika 10 anyanyuke anywe maji, dakika 60 za pengo lake. Usiku mitano kwa wiki ni saa 5. Muhula wa wiki 12 ni saa 60. Aliyeingia kidato cha tatu mwezi wa Januari ana miezi 22 hivi mpaka mtihani wa kidato cha nne, kwa hiyo hakuna haja ya kumwamsha saa 8 za usiku.

Na hilo la usingizi lisichukuliwe kimzaha. Kijana wa umri huo anahitaji saa 8 mpaka 10. Akilala saa 4 na nusu usiku na kuamshwa saa 11 alfajiri amepata sita na nusu, na kilichosomwa jana hakikai. Ratiba nzuri inamrudishia kailula baada ya Adhuhuri, dakika 40 hivi, milango imefungwa na hakuna anayefua nje ya dirisha. Ukimwona mtoto anasoma kwa tochi ndani ya chandarua usimsifu.

Ndani ya ile saa ya pengo, chombo kikubwa ni daftari la makosa. Ukurasa unagawanywa mara tatu: swali, nilichofanya, kwa nini si sawa. Safu ya tatu ndiyo ngumu, na wengi huijaza "sikuwa makini", jambo ambalo halimsaidii mtu. Iandikwe kosa lenyewe: nimesahau alama hasi, nimejumlisha chini kwa chini, sikulielewa neno fulani la swali. Swali linarudiwa baada ya siku 3, kisha baada ya siku 10, bila kutazama. Akilipata mara zote mbili, analipiga mstari. Maswali 12 kwa saa moja yanatosha: manane ya zamani, manne mapya. Watoto wanapenda kuyageuza, manne ya zamani na manane mapya, kwa sababu mapya yanaonekana kama maendeleo.

Karatasi za mitihani iliyopita zingoje. Akizianza wakati ngazi bado imekatika atakariri majibu, na namba zikibadilishwa hana lake.

Halafu kuna lugha. Anayeanguka Baiolojia mara nyingi ameanguka Kiingereza. Mwambie akueleze kwa Kiswahili kinachotokea damu inapofika mapafuni. Akieleza vizuri, somo analo, kilichokosekana ni maneno. Maneno manane kwa siku, kila moja na sentensi iliyotolewa kwenye kitabu cha somo lenyewe, na maana kwa Kiswahili chake mwenyewe. Yaanze maneno ya amri yanayofungua maswali. Aliyetakiwa kutofautisha vitu viwili akaeleza kimoja vizuri sana amepoteza alama zote za kutofautisha.

Hesabu ya daraja nayo ni vyema aijue, inamtuliza. NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, inachukua masomo saba bora: A pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Mwenye C mbili (Kiswahili na Historia), D nne na F za Hisabati na Kiingereza ana pointi 27, daraja la nne. Akitoa Kiingereza kwenye alama 24 mpaka 30 amepata D, pointi 26. Akipandisha Jiografia kutoka 38 mpaka 45 amepata C, pointi 25: daraja la tatu, na C tatu mkononi. Alama 13 kwenye masomo mawili. Aliyekata tamaa ukimwandikia hesabu hii kwenye kipande cha karatasi, anakitia ndani ya kava la daftari.

Mwezi wa Ramadhani ratiba yote hiyo inavunjika. Baada ya tarawehe kichwa kimechoka na tumbo limejaa, kwa hiyo saa ya pengo ihamishwe: daku, sala ya Alfajiri, kisha dakika 45 kabla ya maandalizi ya skuli. Kazi za darasani zifanywe mchana kabla ya Alasiri.

Vitu vya kwenda navyo ni vya kawaida, tranka na kufuli, ndoo, chandarua, shuka mbili, kandambili, ila kimoja husahauliwa: taa ya kuchaji. Umeme ukikatika saa 2 na nusu usiku, asiye na taa anahamia kitanda cha mwenye taa, wawili wanalaliana begani, na upele nao unahama hivyo hivyo. Upele ukiingia chumbani wapakwe dawa wote siku moja, hata wasiojikuna, na nguo na shuka zifuliwe siku hiyo hiyo. Akitibiwa mmoja mmoja unazunguka chumba mpaka mwisho wa muhula. Muwasho unaweza kubaki wiki mbili au zaidi baada ya dawa. Hilo peke yake halina maana kuwa dawa imeshindwa.

Mzazi anayekwenda kutembelea aombe daftari la makosa kabla ya ripoti. Ripoti inasema mtoto ni wa ngapi. Daftari lenye kurasa 30 zilizochafuka, mistari imepigwa nusu yake, linasema kazi inakwenda. Likiwa safi sana, muulize mlezi wa dahalia saa ya pili ya prepo inafanywa nini.

Likizo daftari lirudi naye nyumbani, ukurasa mmoja kwa siku. Likizo ikiangukia msimu wa karafuu, ukurasa ufanywe asubuhi kabla ya kwenda shamba. Jioni kuna karafuu za kuchambua mpaka usiku, na hakuna atakayefungua daftari.