Siku Moja Maishani Mwangu: Zamu ya Asubuhi Maabara

Saa 1:30 asubuhi. Napokea zamu upande wa kemia, hospitali ya mkoa. Kabla ya damu ya mgonjwa yeyote, mashine inapimwa kwanza kwa kontroli, sampuli ambayo kiwango chake tunakijua. Leo kontroli ya lipesi, kimeng'enya cha kusaga mafuta kinachotoka kwenye kongosho, imevuka mipaka. Nabadilisha kitendanishi, yaani dawa ya kupimia, narekebisha mashine, narudia hadi inakaa sawa. Majibu ya mtu hayatoki kabla ya hapo, hata simu ilie mara ngapi.

Saa 3:00. Damu zimefika. Tunaziacha zigande, kisha tunazizungusha ili majimaji ya manjano yabaki juu. Chupa moja imetoka nyeupe kama tui la nazi. Hayo ni mafuta. Yakizidi sana kwenye damu yanaweza kuvimbisha kongosho, tena yanaweza kuvuruga kipimo cha amilesi, kimeng'enya kingine cha kongosho, kikaonekana cha kawaida. Naandika hivyo kwenye majibu.

Saa 5:00. Mama wa dharura, maumivu juu ya kitovu yanayopenya hadi mgongoni, anatapika. Lipesi 1,240, na mwisho wa kawaida kwa mashine yetu ni 60. Ikizidi mara tatu ya mwisho huo, pamoja na maumivu ya namna hiyo, daktari ana sababu tosha ya kusema kongosho limevimba ghafla. Napiga simu papo hapo. Anamtuma ultrasaundi kutafuta vijiwe vya nyongo, maana mara nyingi ndivyo chanzo. Ila 1,240 haisemi kwamba yeye ni mahututi kuliko mwenye 400. Ukali wa ugonjwa unaonekana kwa mgonjwa mwenyewe.

Saa 7:00 mchana. Fomu ya kijana wa wodini inaomba amilesi peke yake. Jibu ni la kawaida. Nafasi ya muda maumivu yalipoanza iko tupu, kwa hiyo nauliza wodini.

"Sista, tumbo lilianza lini?"

"Anasema siku ya tano leo."

Hapo ndipo penye mtego. Amilesi hupanda mapema na mara nyingi imeshashuka ndani ya siku tatu hadi tano, lakini lipesi hukaa juu wiki moja hata mbili. Tena amilesi hutoka pia kwenye tezi za mate, ndiyo maana matumbwitumbwi huipandisha. Daktari anakubali tupime lipesi kwa damu ileile: 410. Kijana huyu angeambiwa ana vidonda vya tumbo.

Saa 8:30. Dirishani, mzee ameshika karatasi ya majibu ya lipesi, mkono unatetemeka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii 95 ni kansa?"

Namwonyesha kiwango cha kawaida kilichochapwa pembeni. Kupanda kidogo hivi hakuthibitishi kansa. Hata figo zisipofanya kazi vizuri, lipesi hupanda. Namsindikiza kwa daktari wake, ndiye anayejua historia yake yote.

Saa 9:30. Nakabidhi zamu. Kwenye daftari naandika damu yenye mafuta ichanganywe na maji maalumu ipimwe tena, na fomu isiyo na saa ya maumivu kuanza ipigiwe simu kabla majibu hayajatoka.