Kabla ya Kumfundisha Muuzaji Kutabasamu

Katika maduka mengi ya Lubumbashi, mwenye duka akitaka wateja wahudumiwe vizuri zaidi, huwaita wauzaji wake na kuwahimiza wachangamke, wasalimie, wasinune. Salamu ni jambo jema. Lakini nimekaa kaunta muda wa kutosha kuamini kwamba mteja akikaripiwa, mara nyingi ni kwa sababu muuzaji analinda mshahara wake dhidi ya kanuni ambazo mwenye duka mwenyewe ameziweka.

Chukua suala la noti za dola. Kila mtu hapa anajua kwamba noti iliyochanika kidogo tu pembeni inaweza kukataliwa, na ile ya dola 1 ni wachache sana wanaoipokea. Marekani yenyewe, noti ambayo zaidi ya nusu yake imebaki hulipwa thamani yake yote. Kwetu hasara hiyo ni lazima imwangukie mtu. Katika duka moja la samaki wa barafu nililofanyia kazi, katika komini ya Kenya (sehemu ya jiji hili hili, si nchi), ilimwangukia mtunza fedha, kwa maana noti iliyorudishwa na benki ilikatwa kwenye mshahara wake. Basi mama aliyetoka Katuba alfajiri kuchukua katoni ya tomson, aina ya samaki wa baharini, akauze rejareja alisimama dirishani akitazama noti yake ikiinuliwa kwenye mwanga, ikigeuzwa, ikipapaswa kingo zote nne, kisha ikisukumwa kwake: "Mama, hii hapana." Foleni nyuma yake ilikuwa imeanza kunung'unika. Semina ya tabasamu ingesaidia nini hapo, wakati mtunza fedha amelazimishwa kuchagua kati ya kumridhisha mteja na kulisha watoto wake?

Katika duka ninalosimamia sasa, hasara ya noti mbovu inaandikwa kwenye matumizi ya duka, pamoja na mafuta ya jenereta. Mtunza fedha bado anakagua, kwa sababu noti bandia zipo, lakini mchaniko mdogo anaupokea kwa uamuzi wake, na noti ambazo benki inazikataa tunazipeleka kwa wabadilishaji wa barabarani, ambao huzichukua kwa punguzo. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kumpoteza mama mmoja anayenunua kila wiki.

Hoteli za Ritz-Carlton zinajulikana kwa kumruhusu kila mfanyakazi kutumia hadi dola 2,000 kwa mgeni mmoja ili kutatua tatizo bila kumwomba mkubwa ruhusa. Sisi hatuwezi kiasi hicho, wala hatukihitaji. Mamlaka ya kubadilisha katoni moja papo hapo yanatosha, mradi yawe mamlaka ya kweli, ambayo muuzaji hatahojiwa jioni kana kwamba ameiba.

Jambo hilo linaonekana zaidi umeme unapokatika. Samaki aliyeyeyuka kisha akagandishwa tena anajulikana: chini ya katoni kuna barafu yenye rangi ya damu, tumbo limelegea, macho yamezama. Muuzaji anayaona hayo kabla ya mtu mwingine yeyote, na kama bosi humfokea anayeleta habari mbaya, atafunga katoni na kunyamaza, na mama yule atakuja kutukanwa na wateja wake mwenyewe huko mtaani. Kwetu, muuzaji akikuta samaki ameanza kulegea lakini bado ni baridi, ana ruhusa ya kushusha bei na kusema wazi, "Mama, huyu ni wa kukaanga leo, usimweke hadi kesho." Aliyeharibika anatupwa, na wala hakuna anayekatwa mshahara kwa sababu hiyo.

Sisi hatukuweka sanduku la maoni, kwani mwenye haraka ya kuwahi soko haandiki barua. Kila Jumamosi tukifunga, nawauliza wauzaji swali moja: ni nini mlichomnyima mteja wiki hii, na nani aliwakataza? Jibu la pili mara nyingi linanirudia mimi. Ndivyo tulivyojua kwamba ugomvi mwingi wa asubuhi ulitokana na kiwango cha kubadilisha dola kwa franka, ambacho mteja alikuwa akikisikia kwa mara ya kwanza akiwa tayari dirishani. Sasa kiwango cha siku kinaandikwa kwa chaki mlangoni kabla hatujafungua, na kikishaandikwa hakibadilishwi hadi tufunge.