Muziki vyumba vyote bila intaneti: jaribu kabla ya kununua

Kabla ya kulipia spika za vyumba vingi, zizime, chomoa waya unaoleta intaneti kwenye ruta, acha Wi-Fi ikiwaka, kisha ziwashe upya. Zikipiga nyimbo zilizohifadhiwa nyumbani, zinafaa. Usiruke hatua ya kuzima: baadhi hupiga vizuri mpaka umeme ukatike, na zikiwaka tena huitafuta seva (kompyuta) ya kampuni kwenye intaneti. Zisipoipata, kimya.

Njia ninayoiamini ni Snapcast, programu inayopiga wimbo mmoja vyumba vyote kwa wakati mmoja, kwenye Raspberry Pi, yaani kompyuta ndogo. Moja iwe seva inayotuma muziki, na kila chumba kiwe na yake iliyounganishwa na amplifaya. Bafa ya Snapcast, yaani akiba ya sauti inayosubiri kabla ya kupigwa, kwa kawaida ni milisekunde 1000, hivyo ukisimamisha wimbo, sauti hukoma baada ya sekunde moja hivi. Kwa muziki si neno; kwa televisheni, midomo na sauti vitaachana. Sauti ya kiwango cha CD isiyobanwa hula takriban megabiti 1.4 kwa sekunde kwa kila chumba, mzigo mdogo kwa ruta. Kinachokatakata muziki mara nyingi ni Wi-Fi dhaifu nyuma ya kuta nene, kwa hiyo angalau seva iunganishe kwa waya, na uipe anwani ya IP (namba yake kwenye mtandao) isiyobadilika.

Wala usidharau waya wa spika. Amplifaya moja yenye zoni kadhaa haihitaji hata ruta. Hesabu omu tu, yaani kipimo cha ukinzani wa spika: spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa omu 4, nne huwa omu 2, na hapo amplifaya nyingi huchemka na kujizima.